Kumbe "Turufu" ni Kireno: Historia ya Karata za Kijiweni

Wadau, ukipita Mitundu jioni utakuta watu wamezunguka benchi, mmoja anaibamiza karata na kupiga kelele, "Turufu!" Wengi pale hawajui kuwa hilo neno ni la Kireno.

Iko hivi. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu 1593, na Waomani wakawafurusha 1698. Ni kama miaka 200, na wakatuachia maneno: meza, leso, gereza, mvinyo. Karata nayo ni yao. Shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros, pao ni paus. Kiswahili kikapanda bara na misafara, baadaye na reli ya kati, hii inayopita Itigi na iliyofika Kigoma 1914. Karata zikaja nacho.

Sasa hapa ndo patamu. Kamusi za zamani zinamwita mfalme "mzungu wa nne", jeki "mzungu wa tatu", malkia "mzungu wa pili". Malkia chini ya jeki, inakuwaje? Ni pointi hizo! Ureno hadi leo wanacheza kitu kinaitwa sueca: karata 40 (8, 9 na 10 zinatolewa), A pointi 11, saba 10, mfalme 4, jeki 3, malkia 2. Jumla 120, mwenye 61 kashinda. Na pwani kulikuwa na mchezo wa wahedi wa sitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu. Hata saba tunaiita seti, kwao sete. Umeiona hiyo?

Mtu atakwambia karata ni bahati. Kugawiwa ni bahati, sawa. Ila kuna mzee mmoja huku, jina namhifadhia maana mkewe hapendi haya mambo, anagawiwa uchafu mtupu na bado anakufunga. Anahesabu tu. Kila aina ina karata 10. Turufu saba zikishatoka, naye ana seti na ndogo moja, anajua imebaki moja nje, na ni A. Kijana angeitupa seti kwa mbwembwe, ikaliwa na A, pointi 21 kwa mpigo mmoja, zaidi ya theluthi ya 61. Mzee anatanguliza ile ndogo. Mwenye A hana turufu nyingine, lazima aitoe. Seti imepona.

Poka ya kwenye simu nayo iko hivyohivyo, unapima kilichobaki, siyo unachokitamani. Tofauti ni kwamba huku dau letu ni soda, kule watu wanaweka hela ya mbolea, na shamba halisubiri.

Kitu kimoja mzee hakivumilii ni wenza kukonyezana. Akikukamata, unainuka unampisha mwingine. Huko kwenu mnamfanyaje mtu wa hivyo?