Bei Iko Wapi? Matangazo ya Krismasi ya Waingereza, na Sisi Tunaopigwa Picha

Binamu yangu alipelekwa Uingereza kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Kila ikifika mwezi wa kumi na moja ananitumia video kwa Watsapu. Siyo video ya watoto wake, siyo ya theluji. Ni tangazo la duka. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya dubu na sungura. Dubu hajawahi kuona Krismasi, maana kipindi chote cha baridi yeye analala usingizi. Sungura rafiki yake anamletea zawadi ya saa ya kengele ili aamke. Dakika mbili tu, imeisha.

Tuliitazama watu sita kwenye simu moja, pale tunapochajia kwa sola. Watoto walicheka. Jirani yetu mmoja, Mama wa watu aliyekuwa anauza vitenge Uvira kabla ya vita, alisubiri mpaka mwisho halafu akauliza: "Sasa hawa wanauza nini? Na bei iko wapi?"

Nilicheka na mimi, lakini swali halikutoka kichwani. Nikaanza kuulizia na kusoma kila nilipopata bando. Nimegundua kwamba Waingereza wenyewe wamekuwa wakiuliza swali la yule mama kwa miaka mingi, tena kwa hasira na kwa machozi. Naandika historia hiyo hapa kwa sababu mwishoni inatugusa sisi.

Toka bei mpaka machozi

Matangazo ya biashara kwenye televisheni ya Uingereza yalianza tarehe 22 Septemba 1955, siku ilipofunguliwa ITV. Tangazo la kwanza lilikuwa la dawa ya meno. Kwa miaka mingi baada ya hapo, tangazo la Krismasi lilikuwa tangazo kweli. Duka la Woolworths, ambalo siku hizi limekufa, lilikuwa linakusanya watu maarufu wa televisheni, wanaimba na kucheka, huku bidhaa zinapita mbele yako moja moja na bei zake. Mama jirani yetu asingekuwa na la kuuliza.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2007, pale duka la John Lewis lilipoanza kutoa filamu fupi kila Krismasi. Ile ya 2011 ndiyo iliyoshika watu. Mtoto wa kiume anahesabu siku kwa hamu, wewe unadhani anangoja zawadi zake, kumbe anangoja kuwapa wazazi wake zawadi aliyowaandalia. Watu wazima walilia ofisini. Mwaka 2013 akaja dubu na sungura, na magazeti yakaandika kwamba kampeni yote iligharimu pauni milioni 7. Mwaka 2014 akaja pengwini anayeitwa Monty. Mdoli wake uliuzwa pauni 95 na ukaisha madukani.

Maduka mengine hayakukubali kubaki nyuma. Siku tangazo linapotoka ikawa habari ya magazetini, na watu wakaanza kusema kwamba Krismasi haijaanza mpaka tangazo la John Lewis litoke. Hesabu yake siyo ngumu. Duka kubwa la Uingereza linapata sehemu kubwa ya faida ya mwaka katika wiki hizo chache. Na mtu aliyelia kwa sababu ya filamu atamtumia ndugu yake bila kulipwa, kama binamu yangu anavyonitumia mimi. Bei haionekani kwa sababu wewe mwenyewe umekuwa mbeba tangazo.

Lakini Waingereza hawakunyamaza. Mwaka 2015 John Lewis walionyesha mzee anayeishi peke yake mwezini, na msichana mdogo anayemwona kwa darubini. Anahangaika mpaka anamfikishia darubini kwa maputo, ili na yeye aone kwamba kuna mtu anamkumbuka. Walishirikiana na Age UK, shirika linalohudumia wazee. Wapo waliosema safi, sasa watu watawakumbuka wazee wapweke. Wapo waliosema hapana, upweke wa mzee siyo kitambaa cha kupambia dirisha la duka. Pande zote mbili walikuwa wanaongea juu ya wazazi wao wenyewe.

Chokoleti ya mwaka 1914

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa umetokea mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014. Duka la Sainsbury's lilitoa filamu ya zaidi ya dakika tatu juu ya Krismasi ya 1914, wakati sehemu kadhaa za mstari wa vita huko Ubelgiji na Ufaransa askari wa Uingereza na Ujerumani walitoka kwenye mahandaki, wakasalimiana na kubadilishana vitu vidogo. Jambo hilo ni la kweli, lilitokea. Kwenye filamu, askari Mwingereza anaficha chokoleti katika koti la Mjerumani. Chokoleti ya namna hiyo ikauzwa dukani kwa pauni 1, faida ikienda Royal British Legion, chama kinachosaidia askari wa zamani na familia zao.

Wengi walisema hawajawahi kuona tangazo zuri hivyo. Wengine walikasirika mno: vita iliyoua mamilioni, leo inauza vyakula? Malalamiko zaidi ya 700 yalifika kwenye mamlaka inayosimamia matangazo nchini humo. Mamlaka haikuona kosa la kisheria, na tangazo likaendelea.

Mimi hapa niliongeza lalamiko langu, ingawa sikulituma. Novemba ya mwaka uleule wa 1914, wiki chache kabla ya Krismasi ile, watu walikuwa wanauana Tanga. Vita hiyohiyo ilikuja mpaka kwetu. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo lilivuka likachukua Kigoma mwezi wa saba, na Tabora mwezi wa tisa. Askari wake wengi walikuwa Wakongomani, na mizigo ilibebwa kwa vichwa na migongo ya wapagazi. Upande wa Waingereza walikuwa na Carrier Corps, ndiyo mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam ulipopata jina. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Ulaya vita ilikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25, kule Abercorn, leo inaitwa Mbala, Zambia.

Sisemi duka la London litengeneze filamu ya mpagazi aliyefia njiani kuelekea Tabora. Labda ni afadhali lisitengeneze. Nasema tu kwamba tangazo linachagua nani akumbukwe, na anayeachwa nje hapati hata nafasi ya kukasirika.

Mawese yamefanya nini?

Mwaka 2018 duka la Iceland lilitaka kuonyesha katuni ya orangutani mdogo aliyeingia chumbani kwa mtoto wa kike, kwa sababu msitu wake umekatwa kupanda michikichi. Katuni ilikuwa ya shirika la Greenpeace. Ofisi inayokagua matangazo kabla hayajarushwa ilikataa, maana sheria ya Uingereza hairuhusu matangazo ya kisiasa kwenye televisheni, na Greenpeace ilihesabiwa hivyo. Watu wakachachamaa. Mamia ya maelfu walitia saini kudai lionyeshwe, na mamilioni wakalitazama mitandaoni. Yaani kukatazwa kulilitangaza kuliko pesa.

Nilipowasimulia hii nyumbani, mzee mmoja alishtuka: "Mawese yamefanya nini tena?" Ana haki. Mchikichi ni mti wa Afrika, na mtu wa Kivu au wa Kigoma amekua na mafuta hayo sufuriani. Ilibidi nieleze kwamba msitu wanaousema ni wa Indonesia na Malaysia, kwenye mashamba makubwa ya makampuni, siyo michikichi mitano nyuma ya nyumba ya bibi. Tangazo halikuwa na nafasi ya kueleza hivyo. Na baadaye, mwanzoni mwa 2019, ilijulikana kwamba duka lenyewe, ambalo liliahidi kuondoa mawese katika vyakula vyenye jina lake, kwa baadhi ya bidhaa liliondoa jina badala ya mawese. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini hesabu ya nyuma ilikuwa nyingine.

Mchuzi wa baba

Ile iliyonigusa zaidi ni ya 2020, mwaka wa korona, watu wamefungiwa na hawajui kama wataonana Krismasi. Sainsbury's walitoa filamu tatu fupi za watu wanaoongea kwa simu na ndugu zao na kukumbuka vyakula vya nyumbani. Katika ya kwanza, baba anamwimbia binti yake wimbo wa mchuzi anaoupika kwa Krismasi, na binti anaona aibu kidogo huku anacheka. Ni familia ya watu weusi.

Basi! Hakuna lingine lililokuwemo. Lakini watu wakaanza kuandika kwamba hawajioni katika tangazo hilo, kwamba hii siyo Uingereza yao, kwamba hawatanunua tena hapo. Eti baba kuupenda mchuzi wake ni siasa.

Duka halikuomba radhi. Lilijibu kwamba linataka kuwa la watu wote. Tarehe 27 Novemba 2020 maduka yanayoshindana kila siku, Aldi, Asda, Co-op, Iceland, Lidl, Marks & Spencer, Tesco na Waitrose, yaliungana na Sainsbury's na kupanga matangazo yao yafuatane kwenye Channel 4 jioni moja, kupinga ubaguzi. Mtu anaweza kusema na hiyo pia ni biashara. Sawa. Ila binamu yangu aliniandikia usiku ule: "Leo nimejisikia nimekaribishwa kukaa." Amelipa kodi ya nyumba kule miaka mingi, lakini neno hilo aliliandika baada ya kuona matangazo.

Ofisi ya malalamiko

Sasa nirudi kwa mama wa vitenge. Bei iko wapi? Nadhani bei ni sura ya mtu: mzee mpweke, askari aliyekufa, baba anayeimba. Hao ndio waliouzwa. Na nikiangalia historia yote hii, naona kwamba Waingereza walielewa hivyo. Ndiyo maana walilia na kugombana. Mwaka 2021 Tesco walimwonyesha Baba Krismasi akitoa cheti cha chanjo uwanja wa ndege, na malalamiko zaidi ya 5,000 yakaandikwa. Tangazo halikukutwa na kosa, lakini kila lalamiko lilikuwa na mahali pa kupelekwa.

Sisi pia tumo katika matangazo ya msimu huo. Mwezi wa kumi na mbili ndio mwezi wa kuomba michango, na sura zinazoomba mara nyingi ni zetu. Miaka kadhaa iliyopita nilipigwa picha kwenye foleni ya maji, nikiwa na dumu la lita 20. Mgeni mwenye kamera alinionyesha kwa mkono nisitabasamu. Nilitia saini karatasi ya Kiingereza ambayo wakati ule sikuweza kuisoma. Mpaka leo sijui picha hiyo ilienda wapi, nani aliilia, wala iliandikwa nini chini yake.

Siwalaumu waliotoa mchango. Inawezekana bomba tunalochotea maji lilitokana na picha kama ile. Wanaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma ukurasa huu, najua wengi wenu mnajali, na wengine mmeshaanza kuuliza kabla ya kupiga. Ombi langu ni dogo. Karatasi ya ruhusa iwe kwa Kiswahili, au isomwe kwa sauti. Picha ikishachapishwa, mwenye sura aonyeshwe. Na pawe na mtu mwenye jina na meza, ambaye tunaweza kumwendea na kusema, "Hapa hamkunionyesha vizuri." Anaweza kujibu kwamba hakuna kosa. Ni sawa. Waingereza nao walijibiwa hivyo mara nyingi.

Binamu alinitumia na ile ya John Lewis ya 2022. Mwanaume wa makamo anajifunza kuteleza kwa ubao wenye magurudumu, anaanguka, anaumia, hatukuelewa ni kwa nini. Mwishoni mlango unagongwa. Ni msichana anayeletwa kulelewa katika nyumba ile, na ameshika ubao kama huo. Mzee wa watu alitaka tu wawe na la kuanzia.

Hapa kambini tuna watoto wengi walioletwa hivyohivyo kwenye mlango wa mtu asiyewajua. Nilimwonyesha mama wa vitenge, yeye mwenyewe analea wawili wasio wake. Safari hii hakuuliza bei. Alisema tu, "Huyo baba amefanya vizuri," akanirudishia simu, akaenda kuwatafuta watoto wake maana giza lilikuwa linaingia.