Rehani si Bei: Historia ya Maneno ya Ardhi na Deni

Yako maneno mawili katika Kiswahili ambayo mtu akiyachanganya huweza kupoteza nyumba yake. La kwanza ni rehani, na la pili ni bei. Rehani ni mali ambayo mdaiwa huiweka iwe dhamana ya deni lake. Deni likilipwa, mali humrudia mwenyewe. Bei, kwa maana yake ya asili, ni tendo la kuuza na kununua. Likiisha kutimia, aliyeuza hana tena dai juu ya kile alichokiuza. Tofauti hii yaonekana nyepesi, na mtoto wa shule aweza kuieleza. Hata hivyo, historia ya mashamba na majumba katika nchi yetu kwa sehemu kubwa ni historia ya watu walioamini wameweka rehani, kumbe wameuza. Yafaa basi tuyatazame maneno haya, tulikoyapata, na kazi yaliyofanya katika maisha ya wazee wetu.

Maneno yote mawili yalitujia kutoka Kiarabu, pamoja na biashara ya pwani na sheria ya Kiislamu. Katika sheria hiyo, mwenye kuweka rehani habadiliki kuwa mgeni katika mali yake. Mali yabaki kuwa yake, ingawa imefungwa na deni. Na mpokeaji wa rehani ni kama mlinzi, hana ruhusa ya kuila. Kadhalika sheria hiyo yaharamisha riba, yaani nyongeza inayotozwa juu ya fedha iliyokopeshwa. Lakini neno la kuitoa rehani kifungoni halikutoka Uarabuni. Hilo ni letu wenyewe la Kibantu: kukomboa. Msomaji na aliweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Zamani, katika vijiji vya pwani, jambo la kuweka rehani halikuihusu ardhi tupu. Ardhi ilikuwa nyingi. Chenye thamani kilikuwa jasho la mtu lililozikwa ndani yake. Kwa hiyo mti ulihesabiwa kuwa mali mbali na udongo ulioubeba. Mtu aliweza kuwa na minazi yake katika kiwanja cha mwingine, na akiwa na shida aliweza kuiweka minazi hiyo rehani. Mara nyingine mdai aliangua nazi mpaka deni lilipolipwa. Hapo tayari twaona mlango ambao riba iliukuta wazi: jina la riba halikutajwa, lakini nazi zililiwa.

Liko jambo lililo zito zaidi, na si vema tulifiche kwa kuwa linatia uchungu. Katika karne ya 19, nyakati za njaa, watu waliwekwa rehani. Mzazi asiye na chakula alimpeleka mtoto kwa tajiri wa pwani, akapewa nafaka, naye mtoto akakaa huko akifanya kazi hadi ndugu zake watakapokuja kumkomboa. Huyo hakuwa mtumwa, kwa kuwa alikuwa na kwao, na alikuwa na watu wenye haki ya kumdai. Lakini mvua ikikawia, au ndugu wakifa, au tajiri akiwa mwovu, aliyewekwa rehani aliuzwa, na baada ya hapo hakuwapo wa kumkomboa. Kwa wazee wale, tofauti kati ya rehani na bei haikuwa somo la wanasheria. Ilikuwa ndiyo tofauti kati ya mtoto kurudi nyumbani na mtoto kuvuka bahari.

Sasa tuvuke wenyewe kwenda Unguja na Pemba, ambako maneno haya yaliandikwa katika hati nyingi. Kilimo cha mikarafuu kilipanuka wakati wa utawala wa Seyyid Said, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, nacho kiliota mizizi katika kazi ya watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mkarafuu mchanga huchukua miaka mingi kabla ya kutoa mavuno ya kutosha, na wenye mashamba walikopa ili wapande upya. Mwaka 1897 hali ya utumwa iliondolewa kisheria, na tangu hapo ujira wa wachumaji nao ukaingia katika hesabu. Wenye mashamba, wengi wao Waarabu, wakakopa kwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Na wafanyabiashara hao wenyewe mara nyingi walikuwa na madeni kwa matajiri wakubwa zaidi.

Je, mkopeshaji angepataje faida pahali ambapo dini ya mkopaji yakataza riba? Hapa ndipo ilipotumika bei ya khiyari. Mwenye shamba aliandika kwamba ameliuza shamba lake kwa kiasi fulani cha fedha, akibakiwa na khiyari, yaani uchaguzi, ya kurudisha fedha hiyo katika muda waliopatana na kulichukua tena shamba lake. Katika muda huo aliendelea kukaa shambani, akimlipa mnunuzi kodi, kana kwamba ni mpangaji. Kwa macho, hiyo ilikuwa biashara halali: bei na kodi. Kwa vitendo, ilikuwa rehani yenye riba ndani yake, tena mbaya kuliko rehani, kwa sababu muda ulipopita bila malipo, karatasi ilisema shamba limekwisha kuuzwa. Khiyari ndiyo hiyo hiyo hiari yetu ya leo. Lakini aliyekuwa na deni, karafuu ikiwa imeshuka bei, alikuwa na hiari gani?

Deni lilikua hata likawa jambo la siasa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishiwe watu wengine bila idhini, na mwaka 1938 ikatunga nyingine ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni. Tusidanganyike kuwa sheria hizo zilimkumbuka mchumaji au mkwezi. Zilimlinda mwenye shamba, si yule aliyelilima. Wa pili huyu hakuwa hata na cha kuweka rehani. Ilibidi yaje Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ardhi yote ikawa chini ya serikali, na wakulima wengi wakagawiwa eka tatu tatu, ndipo hesabu ile ya zamani ilipofutwa.

Bara, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wajerumani, kwa amri ya mwaka 1895, waliitangaza ardhi isiyokuwa na mwenyewe kuwa mali ya dola lao, na wao ndio waliokuwa waamuzi wa nani ni mwenyewe. Waingereza, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana. Wageni walioendelea kushika ardhi ya milki huru waliweza kuipeleka benki na kupata mkopo. Mwananchi aliyeishi katika ardhi ya mababu zake hakuwa na karatasi, na asiye na karatasi benki haikumjua.

Mwaka 1958, wakati uhuru ulipokuwa unakaribia, Mwalimu Julius Nyerere aliandika makala aliyoiita Mali ya Taifa, akipinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa kama bidhaa nyingine. Alihofu kwamba wachache wenye fedha wangeinunua yote, na wananchi wangebaki wapangaji katika nchi yao. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1963 iliyobadili milki huru kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na ile ya mwaka 1969 iliyoubadili ukodishaji huo kuwa haki ya kumiliki kwa muda. Ili mwananchi aweze kujenga, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Benki hiyo ilifungwa katikati ya miaka ya 1990, na kwa muda mrefu watu wengi walijenga kwa tofali moja moja, bila mkopo.

Leo Bara twatumia Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Mwaka 2008 ikaongezwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mabenki yakaanza tena kukopesha kwa miaka mingi. Hapo ndipo maneno yale ya wazee yamerudi mezani, na kila mwananchi hana budi kuyajua. Hati miliki si ushahidi kwamba udongo ni wako milele. Ardhi yote ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, nawe wapewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Arbuni ni fedha ya kuonyesha nia ya kununua, si bei yenyewe. Mthamini ni mtaalamu wa kukadiria thamani ya nyumba. Dalali ni mpatanishi wa biashara. Mdhamini ni yule anayefunga shingo yake kwa deni la mwenzake.

Na rehani je? Sheria yasema kuwa rehani ni dhamana tu. Haihamishi umiliki kutoka kwa mweka rehani kwenda kwa mkopeshaji. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Mkopeshaji hawezi kuuza kabla ya kutoa taarifa, na auzapo ana wajibu wa kutafuta bei iliyo nzuri. Kabla nyumba haijauzwa, mdaiwa aweza kulipa deni lote na kuikomboa. Na ikiuzwa kwa zaidi ya deni, kinachobaki ni chake. Haya yakaribiana sana na yale waliyoyajua wazee: rehani si bei.

Lakini sheria humlinda yule ambaye karatasi yake yasema rehani. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja mjane, akiwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya kanga. Mumewe alikopa fedha kwa jirani ili apate matibabu, akafariki kabla ya kulipa.

“Mwanangu, nisomee,” aliniambia. “Marehemu alikopa tu. Hakuuza.”

Niliisoma mara mbili. Neno mkopo halikuwamo, wala rehani. Iliandikwa kwamba nimemuuzia fulani kiwanja changu na nyumba iliyomo, na ya kwamba fedha yote nimepokea. Chini palikuwa na dole gumba la marehemu na majina ya mashahidi wawili.

“Mama,” nilimwambia, “hapa pameandikwa ameuza.”

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi waliandika neno ambalo yeye hakulisema.”

Nilimwelekeza kwenye baraza la ardhi, nikamwandikia barua. Sikuwa na uwezo zaidi ya huo. Usiku ule niliitambua karatasi ile. Ilikuwa ni ile bei ya khiyari ya Unguja, imevuka bahari na miaka mia, ila safari hii hata khiyari yenyewe imeachwa nje. Mkopeshaji wa mtaani amwambia mwenye shida, “Tia saini hapa, ni kawaida tu,” naye mwenye shida atia, kwa sababu mgonjwa yuko kitandani.

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Walisema kweli, lakini ili mtu alipe na kurudishiwa kilicho chake, sharti kwanza iandikwe kuwa ni deni. Basi na tuwafundishe vijana wetu kuisoma hati mpaka mwisho, na kulitafuta ndani yake neno moja: rehani, au nimeuza. Mwaka 1963 nchi za Afrika zilipounda kamati ya kuzisaidia nchi zilizokuwa bado chini ya ukoloni, makao yake yaliwekwa Dar es Salaam, nasi tukaiita Kamati ya Ukombozi. Neno hilo kubwa tulilitoa katika kukomboa, lile neno la mtoto aliyewekwa kwa tajiri wakati wa njaa na ndugu zake wakamfuata. Tulilichagua kwa kuwa hatukukubali kamwe kwamba bara letu liliuzwa.