Makampuni ya Unix na Kuzuka kwa Programu Huria: Kisa cha Sun Microsystems

Mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Unix ulianza kutungwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, mali ya kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani. Kwa kuwa mapatano ya mwaka 1956 baina yake na serikali yaliizuia AT&T kufanya biashara nje ya kazi ya simu, mfumo huo ulitolewa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo pamoja na matini yake asilia, yaani maagizo kama yalivyoandikwa na watungaji kabla ya kugeuzwa lugha ya mashine. Mwenye matini hiyo aliweza kuisoma, kuisahihisha na kuipanua. Ndivyo walivyofanya wanazuoni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mmoja wao, Bill Joy, akawa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1982.

AT&T ilipogawanywa mwaka 1984 kizuizi kile kiliondoka, na Unix ikawa bidhaa. Kila kampuni ikajitengenezea Unix yake: Sun ikawa na SunOS, na baadaye Solaris, IBM ikawa na AIX, Hewlett-Packard ikawa na HP-UX. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Faida ilitokana na mashine za bei kubwa, nao mfumo ulikuwa kamba ya kumfungia mteja kwenye mashine hizo. Matini asilia, ambayo hapo awali ilisomwa darasani, ikawa siri ya biashara.

Upinzani haukutoka sokoni. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kutunga upya mfumo mfano wa Unix ambao kila mtu angekuwa huru kuusoma na kuubadili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Sharti kuu la leseni hiyo ni kwamba anayemgawia mwingine programu hana budi kumpa na matini yake kwa uhuru uleule. Linux iliendeshwa kwenye mashine za bei nafuu. Na biashara ya intaneti ilipoporomoka kuanzia mwaka 2000, wateja waliokuwa wakinunua mashine za Sun walianza kuhesabu fedha zao upya.

Makampuni yalijibu kwa njia mbalimbali. Mwishoni mwa mwaka 2000 IBM iliahidi kuitumilia Linux dola bilioni moja, ikitarajia kupata faida katika mashine na huduma. SCO ilikimbilia mahakamani mwaka 2003 ikaishtaki IBM. Silicon Graphics iliacha kutengeneza mashine za mfumo wake wa IRIX mwishoni mwa mwaka 2006. Sun yenyewe ilisitasita. Mwaka 2005 iliifungua sehemu kubwa ya matini ya Solaris kwa jina la OpenSolaris, lakini kwa leseni iliyoonwa na wengi kuwa haichanganyiki na ile ya Linux. Hatua ilikuwa kubwa, ila ilikuja wakati watungaji wengi wa programu walikwisha kuhamia kwingine.

Oracle iliinunua Sun mwezi Januari 2010, na kufikia Agosti mradi wa OpenSolaris ulikuwa umekoma. Hata hivyo, maji yakimwagika hayazoleki. Matini iliyokwisha kutolewa haikuweza kurudishwa kabatini, na mwezi huohuo wapenzi wake, wakiwamo waliowahi kuwa wafanyakazi wa Sun, waliiendeleza kwa jina la illumos.

Kisa hiki kinaigusa lugha ya Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1999 Sun iliinunua kampuni ya StarDivision ya Ujerumani, na mwaka 2000 ikaifungua matini ya programu yake ya kazi za ofisi, iliyoitwa OpenOffice.org. Juu ya matini hiyo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulijenga Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili lililotoka Desemba 2004. Wafasiri wake hawakuhitaji kungoja Sun iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Leseni ilikwisha kuwapa ruhusa. Baada ya Oracle kuinunua Sun, watungaji wengi wa OpenOffice.org walijitenga mwezi Septemba 2010 wakaanzisha LibreOffice, nao hawakuhitaji idhini ya mmiliki mpya.

Ni dhahiri, basi, kwamba ukarimu wa kampuni na masharti ya leseni ni mambo mawili. Ukarimu hubadilika pamoja na mwenye mali. Leseni huria hubaki na yule aliyekwisha kuipokea. Idara ya lugha inapotafuta programu ya kuhifadhia kamusi au orodha za istilahi, haitoshi kuuliza kama programu inatolewa bure leo. Yapasa kuuliza ni nani atakayekuwa na haki ya kuisoma na kuiendeleza siku kampuni iliyoitoa itakapouzwa.