Tarikhi ya Wasahihishaji: Toka Kamati ya Kiswahili hata Miongozo ya Programu Huria

Waandishi wa tarikhi ya nchi hii iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, toka Mwadui ya almasi hata Geita ya dhahabu, aghalabu huanza na mawe: dhahabu iliyovumbuliwa Geita mwaka 1898 zama za Wadachi, almasi aliyoipata Dakta John Williamson, Mkanada, mwaka 1940, mgodi wa kale wa Geita uliofungwa mwaka 1966, na migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu iliyoanza kazi mwanzoni mwa karne hii. Tarikhi hiyo ni ya haki na yastahili kusomwa. Lakini iko nyingine isiyotajwa, nayo yawagusa watu wa Shinyanga na Geita kila siku wakaapo mbele ya kompyuta katika zahanati, katika skuli na katika afisi za halmashauri: ni tarikhi ya kusahihisha maandishi, na khasa maandishi ya Kiingereza yanayofuatana na programu huria, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzifungua, kuzitengeneza na kumpa mwenziwe bila ya kumwomba mtu idhini.

Jambo hili lina uzito huku kwetu kuliko pengine popote. Mtoto wa Shinyanga huzaliwa katika Kisukuma, na wa Bukombe huenda akazaliwa katika Kisumbwa, na wa Geita katika Kizinza. Kiswahili hukipata sokoni na skulini, na Kiingereza humfikia baadaye sana, kikiwa lugha yake ya tatu. Basi mtu huyu apewapo mwongozo wa programu ulioandikwa kwa haraka na fundi aliyeko Oslo au California, wenye sentensi zilizokatika na maagizo yasiyosema ni kitu gani kinachoagizwa, upungufu wa mwandishi humwangukia yeye, naye hudhani kwamba ujinga ni wake, ilhali kosa liko katika maandishi.

Kusahihisha maandishi si kazi ngeni katika Afrika ya Mashariki, na mwenye kutaka kuielewa sharti arudi nyuma. Mwaka 1928 mkutano uliofanywa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha skuli na vitabu, na tarehe mosi Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, ambaye kamusi zilizotungwa chini ya uongozi wake zilitoka matbaani mwaka 1939, yeye akiwa amekwisha kufariki. Katika majukumu ya Kamati hiyo lilikuwamo hili la kuyapitia maandishi ya vitabu vya skuli kabla ya kupigwa chapa, kuyasahihisha palipohitaji, na kuvitia ithibati vile vilivyoonekana kufaa.

Faida ya kazi ile haikanushiki. Mwanafunzi wa Bukoba na mwanafunzi wa Lindi waliweza kusoma kitabu kimoja chenye tahajia moja, na gazeti la Nairobi likafahamika Tabora. Lakini insafu yatutaka tuseme na la pili: kwamba kwa miaka mingi ya mwanzo waliokaa mezani kusahihisha Kiswahili walikuwa wageni, na wenye lugha yao hawakupewa viti mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwandishi wa pwani, aliyekinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama yake, alipeleka hati yake kwa mtu aliyekisoma ukubwani, kisha ikamrudia ikiwa imekatwa na kupangwa upya, wala hapakuwa na njia ya yeye kumsahihisha msahihishaji. Masahihisho yalikwenda upande mmoja tu, kama maji ya mto. Kamati ilipohamia Dar es Salaam mwaka 1964 na kugeuka Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili, ambacho mwaka 1970 kiliingia katika Chuo Kikuu, ndipo kazi ilipokuwa mikononi mwa wenyewe, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni tunda lake. Kwa upande wa Kiingereza, lakini, mambo yalibaki vilevile: sisi tulisoma, wengine wakaandika.

Mlango wa pili ulifunguka mbali sana na hapa, tena kwa sababu isiyohusiana na lugha. Mnamo Septemba 1983 Mmarekani aitwaye Richard Stallman alitangaza azma ya kuunda mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha mfumo kikaitwa Linux. Stallman aliona mapema kwamba programu huru pasipo mwongozo huru ni nusu ya kazi, kwa kuwa mtu akiirekebisha programu na asiwe na ruhusa ya kuurekebisha mwongozo wake, maelezo yatakuwa ya uongo tangu siku ile. Na mwaka 2000 ikatolewa leseni makhsusi kwa ajili ya miongozo, inayomruhusu msomaji yeyote kuigeuza na kuitoa tena.

Tazama sasa namna kazi hiyo ifanywavyo, maana hapa ndipo penye tofauti kubwa na Kamati ya kale. Maandishi ya mwongozo huwekwa katika ghala la wazi. Msomaji aonaye kosa, liwe la herufi moja au la aya nzima, hujitwalia nakala, hurekebisha mstari, kisha huupeleka kwa walinzi wa ghala pamoja na sababu yake kwa maneno machache. Walinzi huutazama, huuliza, hujadiliana naye mbele ya watu wote, na mwisho hukubali au hukataa. Sahihisho likikubaliwa, jina la aliyelileta na tarehe yake huandikwa katika daftari la mabadiliko, ambalo toka mwaka 2005 miradi mingi hulihifadhi kwa chombo kiitwacho Git, alichokiunda Torvalds yuleyule. Msahihishaji wa vitabu wa zamani alikufa bila ya kujulikana. Wa leo ana jina lake kando ya nukta aliyoiweka.

Ijapokuwa mlango u wazi, walioingia ni wachache. Mwaka 2017 kampuni ya GitHub iliwauliza watu wa programu huria juu ya kazi yao, na 93 katika kila 100 walisema kwamba wamekutana na tatizo la maelezo yaliyopungua au yanayochanganya, hali 60 katika kila 100 ya wachangiaji walikiri kwamba ni nadra, au hawajapata kabisa, kuchangia maelezo. Fauka ya hayo, karibu robo ya watu wa jamii hiyo hawakisomi wala hawakiandiki Kiingereza kwa ustadi kamili. Naamini kwamba hao wa robo ndio wasahihishaji bora wanaokosekana, na nitatoa hoja yangu kwa mfano wa Kiswahili.

Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi uitwao Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya afisi iliyosema Kiswahili, bure na huria, mwaka mmoja kabla ya Microsoft kutoa yake. Kutoka Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, alitengeneza kisahihishi cha tahajia ya Kiswahili, na orodha yake ya maneno ingali ikitumiwa katika programu huria. Kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko sifa iliyopata. Watu wa Kilinux walitunga istilahi za Kiswahili. Na katika kazi ya namna hiyo kila mfasiri hukuta jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hana haja ya kulifikiri: Kiswahili hakikubali kusema kitu bila ya kujua ni kitu gani.

Kiingereza hutumia kiwakilishi kimoja kwa kila kisicho mtu. Mwongozo waweza kumwagiza msomaji kwamba akiisha kuhifadhi hati na kulifungua dirisha aondoe kimojawapo, pasipo kubainisha, na Mwingereza akapita bila ya kusita. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kupita. Ni lazima achague baina ya “iondoe” na “liondoe”, na akikosea, mtumiaji atapoteza hati aliyoifanyia kazi siku nzima. Vivyo hivyo tangazo fupi la kwamba kitu hakikuonekana, ambalo programu hulijazia jina lolote: faili halikuonekana, picha haikuonekana, ukurasa haukuonekana, kitufe hakikuonekana, mtumiaji hakuonekana. Mfasiri apewaye tangazo lenye pengo mahali pa jina hana budi kumrudia mwandishi na kumwuliza. Swali hilo si la Kiswahili peke yake, kwa kuwa shida za namna moja na hii zimewakuta wafasiri wa Kirusi, wa Kiarabu na wa Kifaransa pia. Ndiyo sababu gettext, chombo kilichoanza mwaka 1995 na ambacho kwacho programu nyingi huria hufasiriwa, kilipewa mwaka 2006 nafasi rasmi ya kuandika muktadha wa kila tangazo. Swali la mfasiri likijibiwa, Kiingereza chenyewe hutengenezwa, na Mwingereza asomaye baadaye hunufaika bila ya kujua ni nani aliyeuliza.

Basi mwenye lugha yenye ngeli humwona mwandishi wa Kiingereza pale alipojificha. Sifa hii haikupatikana kwa shahada; imo katika sarufi ya Kiswahili, na ya Kisukuma pia, na kijana wa Kishapu anayo toka utotoni.

Huku kwetu haja yake haihitaji kutafutwa. Toka miaka ya 1990 zahanati zetu zimekuwa zikiandika takwimu katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, navyo ni vya Kiswahili. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 takwimu hizo, katika mikoa yote ya Tanzania Bara pamoja na Geita iliyokuwa mkoa mpya tangu mwaka uliotangulia, zilikuwa zikiingizwa katika DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki katika kuijenga na kuieneza. Miongozo yake ilitungwa kwa Kiingereza. Mtu wa takwimu wa wilaya anayehamisha hesabu za wajawazito na za malaria kutoka katika kitabu kwenda katika mashine husimama katikati ya lugha mbili, na agizo lenye utata kuhusu safu ya kujaza lamfanya aweke idadi pasipo pake, na dawa zikaagizwa kwa hesabu isiyo ya kweli.

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Lwamgasa na Katente hatari ni nyingine. Watu wa maduara ya kuchimbia, wa karasha za kusagia mawe na wa mialo ya kuoshea dhahabu wana lugha yao kamili ya kazi, isiyopungukiwa na kitu. Lakini mafundisho mengi ya kutumia chombo cha kunasia mvuke wa zebaki yanatokana na maandishi ya kigeni, na agizo lisilosema waziwazi ni kipi kifunguliwe kwanza na kipi kiachwe kipoe laweza kumtia mtu sumu mapafuni. Nalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba kusahihisha maneno ni pambo la wasomi.

Vizuizi vya zamani vimepungua. Mkongo wa bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, mkongo wa taifa ukafuata kuelekea bara, na leo kijana wa Kahama mwenye simu janja ya kawaida aweza kulifikia ghala la maandishi ambalo miaka ishirini iliyopita hata profesa alilipata kwa taabu. Kilichobaki ni mazoea yetu ya kukipokea Kiingereza kilichochapwa kana kwamba hakina makosa.

Nawaomba walimu wa Kiingereza wa sekondari za Shinyanga, Kahama, Bukombe na Geita wachukue ukurasa mmoja wa mwongozo wa programu huria inayotumika katika wilaya yao, wawape wanafunzi waufasiri kwa Kiswahili, na kila mahali wanapokwama kwa kutojua ngeli ya kitu kinachosemwa, wapaandike, waulize, kisha wapeleke sahihisho kwa walinzi wa mwongozo huo kwa majina yao wenyewe. Ruhusa ya kufanya hivyo imeandikwa katika leseni, wala haidai ada, cheti, wala muhuri wa Kamati yoyote.