Dar es Salaam na Utafutaji wa Vyanzo Mbadala vya Maji

Katika wiki za mwisho za Oktoba 2022, mabomba katika maeneo mengi ya Dar es Salaam yalitoa maji kwa zamu, na mengine hayakutoa kabisa. Uzalishaji wa mitambo mikuu miwili ulikuwa umeshuka kutoka takriban lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300. Mitambo yenyewe haikuwa na hitilafu, bali mvua za vuli zilikuwa zimechelewa na kina cha Mto Ruvu kilikuwa kimepungua mno.

Tukio hilo linaeleza tatizo la maji la jiji hili kuliko takwimu nyingi za usambazaji. Mtambo wa Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo, ukafuata mwaka 1976. Yote miwili imepanuliwa katika miaka ya karibuni, wa kwanza kutoka lita milioni 82 hadi 196 kwa siku, na wa pili kutoka lita milioni 180 hadi 270. Wakazi wa Kimara hupata maji ya Ruvu Juu na wale wa Bunju hupata ya Ruvu Chini, hivyo ni rahisi kudhani kuwa jiji lina vyanzo viwili. Ukweli ni kwamba lina mto mmoja unaochotwa mara mbili. Upanuzi wa mitambo uliongeza uwezo wa kusafisha maji, lakini haukuongeza hata tone moja katika mto wenyewe.

Mto huo huanzia katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na kumwaga maji katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Wakati wa masika hufurika hadi mashambani. Wakati wa kiangazi kirefu hugombewa na wakulima wa umwagiliaji, wafugaji na mitambo ya jiji. Wakati huohuo, idadi ya watu haijasubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi halijumuishi Kibaha na Bagamoyo, miji ya Mkoa wa Pwani inayotegemea mto uleule.

Chanzo kilichokuwa tayari kusaidia mwaka ule kilikuwa chini ya ardhi. Kusini mwa jiji, katika eneo la Kimbiji wilayani Kigamboni na Mpera wilayani Mkuranga, kuna matabaka mazito ya mchanga yaliyohifadhi maji baridi kwenye kina kirefu, na baadhi ya visima vya uchunguzi vilichimbwa hadi mamia ya mita. Novemba 11, 2022 ulizinduliwa mradi wa visima vya Kigamboni wenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, na sehemu ya maji yake ikavushwa hadi katikati ya jiji. Visima hivi si sawa na vile vifupi vinavyochimbwa majumbani. Katika mitaa iliyo karibu na bahari, kisima kifupi kinachovutwa kupita kiasi huingiwa na maji ya chumvi, na kisima kilicho jirani na choo cha shimo huchafuliwa kwa urahisi. Hata hazina ya Kimbiji ina kikomo, kwa kuwa hujazwa na mvua inayopenya ardhini polepole. Kiwango cha uvutaji hakina budi kupimwa na kusimamiwa mwaka hadi mwaka.

Siku hiyohiyo ya uzinduzi ulisainiwa mkataba wa ujenzi wa Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, mradi uliozungumzwa kwa miongo kadhaa. Bwawa hilo limesanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Kwa hesabu ya karatasi, bila kuondoa uvukizi wala maji yanayopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya viumbe na watumiaji wengine, kiasi hicho ni uzalishaji wa mitambo yote miwili kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kazi ya bwawa ni kukinga maji ya masika ambayo sasa huishia baharini na kuyaachia taratibu wakati wa kiangazi. Jambo moja husahaulika: Kidunda halileti mto mwingine. Likikamilika, Ruvu utakuwa mto unaotabirika zaidi, lakini utabaki kutegemea misitu ya Uluguru. Shamba linalolimwa hadi ukingoni mwa kijito, ndani ya mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hupeleka udongo mtoni, na udongo huo hatimaye hujaza bwawa.

Mto mwingine wa kweli ni Rufiji, ulio mbali zaidi upande wa kusini na wenye maji mengi kuliko Ruvu. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa ajili ya umeme, limehifadhi humo maji ambayo hayawezi kulinganishwa na ya Kidunda kwa wingi. Gharama yake kwa jiji ni umbali: bomba refu, vituo vya kusukuma maji na umeme wa kuviendesha kila siku. Kusafisha maji ya bahari, ambayo jiji linayo mlangoni, hudai umeme mwingi zaidi kwa kila lita.

Chanzo kilicho karibu kuliko vyote ni maji yanayopotea njiani. Theluthi moja hivi ya maji yaliyokwisha kusafishwa hupotea kwa mabomba chakavu, maunganisho haramu na dira zisizosoma sawasawa. Paa nazo zina mchango wake. Jiji hupata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, hivyo paa la mita za mraba 100 hupokea karibu lita 110,000. Nyumba nyingi hazina tangi la kuzihifadhi zote, lakini shule au zahanati yenye mifereji na tangi kubwa inaweza kupunguza kwa kiasi kikubwa siku za kununua maji ya maboza.