Mwanajiolojia wa barabara na hazina anayostaafu nayo

Mwanajiolojia wa barabara ni mtaalamu wa miamba na udongo anayefanya kazi bega kwa bega na wahandisi wa ujenzi. Mhandisi huchora barabara. Mwanajiolojia humwarifu itakaa juu ya udongo gani, vifaa vya kuijengea vitachimbwa wapi, na ni mahali gani ardhi haiaminiki. Msafiri haioni kazi hiyo, kwani ikikamilika hufunikwa kwa lami. Huonekana pale tu ilipopuuzwa.

Nchini Kenya, safari ya taaluma hii huanzia chuo kikuu. Sheria ya Usajili wa Wanajiolojia ya mwaka wa 1993 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kuwasajili wataalamu hawa. Kwa miaka mingi, walioajiriwa na serikali walihudumu katika wizara inayosimamia barabara, hususan katika idara ya kupima vifaa vya ujenzi. Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 iligawa majukumu kwa mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya zile za mashambani.

Safari ya kutoka Kitale hadi Bungoma hudhihirisha uzito wa kazi hiyo. Kitale ipo kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bungoma ipo kiasi cha mita 1,400. Msafiri hupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha huingia katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Malaba. Upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321, volkano iliyozimika zamani na kuacha majivu na mawe katika miteremko yake. Karibu na Webuye huinuka kilima cha Chetambe, na kuelekea Bungoma mna miamba ya itale. Katika safari hiyo fupi, ardhi hubadilika mara kadhaa, na barabara haina budi kubadilika nayo.

Jukumu la kwanza la mwanajiolojia ni kutafuta moramu. Udongo huu mwekundu wenye changarawe hutokea pale mvua na joto vinapoozesha mwamba kwa muda mrefu mno, madini mengine yakasombwa na maji, na kubaki hasa chuma na alumini. Mwaka wa 1807, Mskoti Francis Buchanan aliuita lateriti, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tofali, baada ya kuwaona watu wa kusini mwa India wakiukata kuwa matofali.

Hata hivyo, moramu ya timbo moja si sawa na ya timbo jingine. Aina mbili zaweza kufanana kwa rangi, lakini ile yenye mfinyanzi mwingi ikawa tope mvua inaponyesha. Kwa sababu hiyo, sampuli hushindiliwa, ikalowekwa majini kwa siku nne, kisha ikakandamizwa kwa chuma ili kupima ustahimilivu wake. Matokeo hutolewa kwa asilimia, yakilinganishwa na kokoto bora. Kipimo hiki kilibuniwa na idara ya barabara ya jimbo la California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwongozo wa Kenya wa mwaka wa 1987 uliugawa udongo wa chini ya barabara katika madaraja sita: la kwanza lina asilimia 2 hadi 5 pekee, na la sita hupita asilimia 30. Udongo ukiwa dhaifu, tabaka za juu huongezwa unene au udongo wenyewe huondolewa.

Jukumu la pili ni kuyafuatilia maji. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Chemchemi isiyotambuliwa mapema hulainisha barabara kutoka chini, hata kama lami ya juu ni nzuri. Aghalabu mwanajiolojia mwenye busara huwauliza wazee wa kijiji maji hutokea wapi wakati wa masika kabla hajafungua vyombo vyake.

La tatu ni kukagua miteremko, na hapa maisha ya watu yamo hatarini. Machi 2010, maporomoko ya ardhi yaliangamiza mamia ya watu Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Novemba 2019, maporomoko katika Kaunti ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40, na barabara ya Kitale kuelekea Lodwar ikakatika.

Maarifa ya namna hii hukusanywa polepole. Tangu mwaka wa 2009, umri wa kustaafu kwa watumishi wengi wa serikali ni miaka 60, badala ya 55 ya awali. Anapoondoka ofisini, mwanajiolojia huacha ripoti zenye takwimu. Lakini sababu ya timbo fulani kuachwa, au ya kalvati kusogezwa hatua chache, mara nyingi haimo katika ripoti hizo. Imo kichwani mwake na katika madaftari yake. Mkandarasi mgeni anapolifungua tena timbo hilo, barabara hubomoka na mlipa ushuru hugharamia kosa lile lile mara mbili.

Tangu mwaka wa 2013, kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zimekuwa na barabara zao za kusimamia. Zingefaidika pakubwa kwa kuwaita wastaafu hawa, kutembea nao barabarani na kuchora ramani ya matimbo, chemchemi na miteremko wanayoijua. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.