Umelipa Theripisti na Hakupi Ushauri? Hujachezwa, Soma Hii Kwanza

Je, umeachana na mtu wa tatu na wote watatu wanafanana kama mapacha? Ama umebadilisha kazi mara nne na kila bosi "anakuchukia"? Mabeshte wamekupa mawaidha mpaka wamechoka. Basi unajikaza, unapanda mathree kutoka tao hadi Westlands, unalipa, unakaa kwa kiti, halafu theripisti ananyamaza tu akikusikiza. Unatoka ukijiuliza doh imeenda wapi.

Tulia. Huenda umeingia kwa theripi ya saikodainamiki, na hivyo ndivyo inavyofanya kazi.

Ilitoka wapi?

Mwanzilishi ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna, Austria, aliyeanza kutumia jina saikoanalisisi mwaka wa 1896. Wazo lake ni kwamba mengi tunayofanya yanasukumwa na vitu tusivyojua viko ndani yetu: uoga, hasira na mapenzi ya utotoni tuliyoyafungia. Ukifungia kitu hakifi, kinarudi kwa mlango wa nyuma.

Saikoanalisisi kamili ni kazi nzito. Unalala kwa kochi mara 3 hadi 5 kwa wiki, na inaweza kuchukua miaka. Saikodainamiki ni mtoto wake: mnakaa mkitazamana, mara 1 au 2 kwa wiki, dakika 45 hadi 50.

Mbona ananyamaza?

Kwa sababu ushauri unao tele, kanisani, kwa chama na kwa WhatsApp. Theripisti huyu anatafuta kile unachorudia bila kujua.

Chukua mfano huu. Umechelewa wiki tatu mfululizo. Unalaumu jam ya Waiyaki Way, na jam ni ya ukweli. Lakini yeye anamaliza kwa saa ileile mliyopanga, haongezi dakika, halafu anakuuliza ulikuwa unawaza nini njiani. Kumbe ulikuwa unaogopa atakukasirikia, vile mzee wako alivyokuwa akikasirika ukifika home late. Yeye hata hajakasirika. Mambo ya nyumbani yamekufuata hadi kwa hicho chumba, na sasa mnaweza kuyaangalia pamoja. Ukiyaona hapo, utaanza kuyaona kwa bosi na kwa mpenzi pia.

"Si hiyo ni mambo ya wazungu?"

Hapa kuna historia ya kuuma. J. C. Carothers, daktari wa serikali ya mkoloni, alisimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka wa 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka wa 1954 serikali ikachapisha kijitabu chake kuhusu Mau Mau, kikieleza vita hivyo kama shida ya akili za watu.

Kwa hivyo msee akikuambia Mwafrika hana mambo ya ndani ya kuchunguza, anarudia maneno ya mkoloni bila kujua. Wahenga wetu walishasema kikulacho ki nguoni mwako.

Inafaa nani?

Inafaa mtu mzima ambaye maisha yanaenda lakini kitu kilekile kinamrudia. Mwaka wa 2010 mwanasaikolojia Jonathan Shedler alikusanya tafiti nyingi akaonyesha kwamba inasaidia, na mara nyingi watu huendelea kupata nafuu hata baada ya kumaliza.

Lakini si dawa ya kila kitu. Kama unataka mbinu za haraka za kupambana na uoga fulani, kuna theripi fupi zaidi. Na kama unasikia sauti, hujalala siku kadhaa ama unawaza kujitoa uhai, usingoje: ona daktari wa magonjwa ya akili leo, ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Kabla utoe chapaa

1. Uliza usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Kuuliza cheti si madharau.

2. Uliza alisomea theripi ya aina gani. Si kila ofisi yenye kochi huko Kilimani ama Lavington inafanya hii.

3. Uliza bei, pamoja na ile ya siku utakayokosa kufika. Wengi hulipisha hata usipokuja. Uliza pia kama ana bei ya chini kwa wenye mfuko mwembamba.

4. Akianza kukukatia, kukukopa ama kukupigia stori za wateja wengine, toka na usirudi.

Na kama ule ukimya bado unakuudhi, usihepe kimyakimya. Rudi wiki ijayo, umwambie usoni kwamba umemkasirikia. Pengine hujawahi kumwambia mtu hivyo na akabaki hapo akikusikiza. Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza.